Wasifu wa marehemu unaochekesha: ni nani mwenye haki ya kuuandika na kuusoma kwenye kilio?

Kalamu ya Kamalondo (mleta mada)

Wakubwa kwa wadogo, salamu.

Anayeishi Lubumbashi na kuhudhuria vilio anaijua karatasi inayosomwa kabla jeneza halijatoka nyumbani. Marehemu alizaliwa mahali fulani, alisoma shule fulani, aliajiriwa na kampuni ya madini ya Gécamines au na reli, alioa, alizaa, aliugua, alikufa. Kati ya kuzaliwa na kufa huchomekwa maneno matatu yasiyobadilika, kwamba alikuwa mtu mwema, mnyenyekevu na mcha Mungu. Ukifuta jina la juu ukaandika la mtu mwingine wa avenu hiyohiyo, hakuna jirani atakayegundua. Mimi huombwa kuandika karatasi hizo kwa sababu watu wanajua nina kalamu, na mara nyingi familia hunisimulia jioni, kwa kicheko, mambo ya marehemu ambayo kukicha wananikataza kuyatia katika karatasi.

Ninachotaka tujadili ni kwa nini kicheko hicho, ambacho tumekizoea ndani ya kilio, hakiingii kwenye karatasi, na kama kinaweza kuingia bila kumvunjia mtu heshima.

Maana kicheko kipo, na kina wenyewe. Mzee akifa ameshiba miaka, mjukuu wake wa kike huingia chumbani akatoka amevaa koti la babu na miwani yake iliyofungwa uzi kwenye sikio moja. Hutembea kwa mkongojo katikati ya akina mama walioketi mkekani, akakohoa kikohozi kilekile, akauliza kwa sauti ya babu ni nani tena aliyehamisha redio yake. Wanaolia hucheka huku machozi yakiwatoka, wakatupa faranga kwenye sahani, na hakuna anayemwita mtoto huyo mkosefu wa adabu, kwa kuwa yeye na babu yake walikuwa wakitaniana tangu alipojua kusema. Kwa ndugu zetu Wabemba ziko pia koo zinazotaniana, kama ukoo wa chui na ukoo wa mbuzi, kwa sababu chui humla mbuzi. Msomi Mwingereza Audrey Richards aliandika habari za koo hizo mwaka 1937, na kusaidiana katika mazishi ni mojawapo ya wajibu wao. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, watani hufika msibani wakamwigiza marehemu, wakamsema, wakadai na malipo juu yake.

Mjukuu au mtani akisema kwamba marehemu alikuwa bahili, wote wanamwona anayesema, wanajua kwamba ana ruhusa, na wakichoka wanamlipa anyamaze. Karatasi haina uso wa namna hiyo. Inasomwa kwa jina la familia, na ndani ya familia kuna mjane, kuna wakwe, kuna watoto wa mama wawili, na kuna mjomba anayesubiri matanga yaishe ili aulizie hati ya kiwanja. Sentensi iliyochekesha kinywani mwa mjukuu hugeuka tusi ikisemwa na familia nzima, na kesho yake imepigwa picha, imeingia WhatsApp, inasomwa Likasi na Kolwezi na watu wasiojua ni nani aliyeitamka.

Walioandika wasifu wa kuchekesha katika nchi nyingine walilikuta swali hilohilo, na kila mmoja alilijibu kwa njia yake. Katika kijiji cha Săpânța, kaskazini mwa Romania, fundi wa kuchonga Stan Ioan Pătraș alianza mwaka 1935 kutengeneza misalaba ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu, yenye picha ya marehemu akiwa kazini au akiwa na chupa yake, na chini ya picha mashairi. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1977, na leo misalaba ya namna hiyo pale kijijini ni mamia. Katika mashairi hayo anayesema ni marehemu mwenyewe: mimi nilipenda pombe, mimi nilipenda farasi wangu. Kijiji kizima kilijua kwamba mtunzi ni Pătraș, lakini ni vigumu kumkasirikia maiti anayejisema.

Uingereza walipita kwingine. Hugh Massingberd alipokabidhiwa ukurasa wa tanzia wa gazeti la Daily Telegraph mwaka 1986, aliacha kuorodhesha vyeo na nishani, akaanza kusimulia vituko vya marehemu kwa sauti ya upole ambayo yenyewe haicheki. Mlevi aliandikwa kuwa mtu mchangamfu, na mkali wa kupindukia kuwa mtu ambaye hakuwavumilia wapumbavu kwa furaha. Msomaji aliyezoea aliyafasiri mwenyewe. Tanzia hizo hazikuwa na jina la mwandishi, kwa hiyo aliyesema alikuwa gazeti. Sisi pia tuna ufundi huo, maana hakuna mtu wa Kamalondo asiyejua kinachokusudiwa na wanywaji wa bia ya Simba wanaposema kwamba mwenzao alikuwa mtu wa watu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mwezi Desemba 2021, gazeti la mji wa Fayetteville huko North Carolina, Marekani, lilichapisha tanzia ya mama mmoja mzee iliyoandikwa na mwanawe wa kiume, naye akaitaja miji ambayo mama yake alifilisika kana kwamba ni miji ya fahari ambayo sasa itamwombolezea. Dunia nzima iliisoma. Mwandishi hakujificha nyuma ya familia: ni mtoto anayemtania mama yake, na upendo wake unaonekana kwa jinsi anavyojua mambo yake mengi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni jepesi. Karatasi ya familia na ibaki ilivyo, fupi, yenye tarehe na majina. Baada yake isomwe karatasi ya pili, ambayo sentensi yake ya kwanza inamtaja anayesema na uhusiano wake na marehemu. Nimetunga mfano wa mzee wa kubuni:

«Mimi mjukuu wake wa tatu, niliyetumwa dukani kuliko wajukuu wengine wote, ndiye ninayesema. Babu yetu alikuwa fundi wa reli, na katika miaka yote ya kazi yake hakukubali hata siku moja kwamba treni imechelewa; alisema abiria ndio waliofika mapema. Kama watu wengi wa reli, alikuwa shabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini. Mwaka 2010, Mazembe ilipofika fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, avenu nzima ilijaa kwa jirani kutazama, yeye akabaki nyumbani akisema kwamba antena ya jirani haifai. Inter Milan waliposhinda 3 kwa 0, alitoka nje akamsalimu kila mtu, mmoja mmoja, akiulizia habari za familia. Ameacha mke, watoto saba, wajukuu ambao aliwaita kwa majina ya wenzao, na baiskeli ambayo hadi leo hatuna ruhusa ya kuigusa.»

Neno mcha Mungu halimo. Kama alikuwa hivyo, padri atalisema.

Kijana wa Bel-Air

Mkubwa, karatasi ya pili unatoza kiasi gani?

Kalamu ya Kamalondo

Sahani ya bukari na sombe, mdogo wangu, na kiti kisichokuwa juani.

Shemasi wa Ruashi

Papa Kalamu, nimesoma kwa makini na sitakataa kwamba nilicheka kwenye habari ya antena. Hata hivyo nina mashaka mawili. La kwanza ni kwamba watu hawaji kwenye kilio wakiwa na moyo mmoja. Wako waliokuja kumlilia mzee wao, na wako waliokuja kwa sababu wiki hiyohiyo walimzika kijana, na kelele za vicheko kutoka kwenye kipaza sauti zinawapata wote kwa pamoja. La pili ni kwamba mfano wako ni wa mzee aliyekufa kitandani, amezungukwa na wajukuu. Huo ni urahisi. Nipe mfano wa mtu wa miaka ishirini na mitano aliyegongwa na lori la madini barabarani, uniambie kicheko utakiweka wapi. Tena kuna tangazo la redioni, ambalo watu husikiliza wakiwa na hofu, wakingoja kusikia kama jina linalotajwa ni la ndugu yao. Ukianza tangazo hilo kwa mzaha, utakuwa umewachezea watu mioyo.

Kalamu ya Kamalondo

Shemasi, kuhusu redio tunakubaliana kabisa, na nilipaswa kulitenga tangu mwanzo. Tangazo la kifo kazi yake ni kumfikishia mtu habari: nani, lini, kilio kiko avenu gani, mazishi saa ngapi. Anayesikiliza hajajua bado kwamba amefiwa. Wasifu unasomewa watu ambao tayari wanajua, wamekwisha kulia usiku mzima, na wanamkumbuka marehemu kuliko anayesoma. Utani una nafasi katika huo wa pili peke yake.

Kuhusu kijana, sina mfano wa kukupa kwa sababu haupo. Hata pale Săpânța, ambako watalii huenda kwa ajili ya kucheka, uko msalaba wa mtoto mdogo wa kike aliyeuawa na teksi, na mashairi yake yanailaani teksi hiyo iliyotoka Sibiu, yakiuliza kwa nini katika nchi yote ya Romania haikupata mahali pengine pa kusimama ila karibu na nyumba yao. Hakuna utani ndani yake. Fundi yuleyule aliyewachekesha walevi alijua kubadili sauti, na nadhani ndiyo maana wanakijiji waliendelea kumkabidhi wafu wao. Mila yetu nayo ilikwisha kuliamua hilo: mjukuu havai koti la mtu aliyekufa kabla ya wakati wake, na kijana wa miaka ishirini na mitano hana wajukuu.

Mama wa Komini Kenya

Baba zangu, mnazungumza kama watu waliosimama karibu na kipaza sauti. Mimi nitazungumza kama mtu aliyeketi mkekani.

Mume wangu alipofariki, rafiki yake alipewa nafasi ya kusema maneno machache, na maneno yake yakawa mengi. Alisimulia jinsi marehemu alivyopenda kusafiri kwenda Kasumbalesa, akasema kwamba hata siku ambazo mpaka ulifungwa yeye alipata sababu ya kwenda, na upande waliokaa wanaume kikapita kicheko ambacho kila mwanamke pale alikielewa. Mimi nilikuwa nimejifunika kikwembe kichwani, dada zake marehemu wamenizunguka, na niliona mmoja wao akiuma mdomo asicheke. Sentensi ilikuwa ya kweli, na msemaji alikuwa rafiki wa kweli, mwenye ruhusa kama mnavyosema, na uso wake ulionekana na watu wote. Kwa hiyo, Papa Kalamu, uso peke yake hautoshi. Ruhusa ya mtani inamhusu marehemu. Haimhusu mtu aliye hai ambaye hawezi kujibu kwa sababu siku hiyo amekatazwa hata kuinua kichwa.

Sikatai karatasi yako ya pili. Ninasema isisomwe kabla mjane hajasomewa, chumbani, na mwanamke mwenzake anayemwamini, na neno atakalolikata likatwe bila kuulizwa sababu.

Kalamu ya Kamalondo

Mama, asante, na pole kwa hilo. Hoja yako inaingia katika pendekezo kama ulivyoiweka, na nitaiongezea upande mmoja. Mambo ya biro ya pili, yaani mwanamke wa nje, ya watoto wa nje, ya mali na ya ugonjwa wenyewe hayawezi kutaniwa kwenye kilio chetu, hata mjane akiwa ameyasamehe, kwa sababu yana watu wake, na baadhi yao wamesimama nje ya uzio wakisikiliza kama watatajwa.

Na iko mipaka ambayo haifanani na ya wengine. Msalaba wa Săpânța unaopigwa picha kuliko mingine unasemekana kuwa ule wa mama mkwe, ambapo mkwe wake anasema kwamba kama angeishi siku tatu zaidi, yeye ndiye angekuwa chini ya udongo na mama mkwe ndiye angekuwa anasoma. Wazungu wanacheka. Ujaribu hapa! Mama mkwe kwetu ni buko, mtu ambaye humpishi njiani ukimwangalia usoni, wala hamli sahani moja. Yule anayemtania babu yake hadi machozi yamtoke ni yuleyule anayenyamaza mbele ya mkwe wake, na vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja: utani una uhuru mkubwa upande mmoja kwa sababu upande wa pili umefungwa. Anayeiga wasifu wa kuchekesha wa Wamarekani na Waromania atakosea hapo kabla ya mahali pengine popote.

Mwalimu wa Kampemba

Ninauliza kuhusu njia ambayo mleta mada hakuigusa, yaani marehemu mwenyewe kuandika kabla hajaondoka. Mwandishi wa vichekesho wa Marekani, Art Buchwald, alikataa kusafishwa damu kwa mashine mwaka 2006, madaktari wakatarajia kwamba ataishi wiki chache, naye akaishi miezi mingi akipokea wageni na kuendelea kuandika. Alipofariki Januari 2007, tovuti ya New York Times ilitoa video aliyokuwa amerekodi mapema, ambamo anajitambulisha kwa jina na kusema kwamba amekufa sasa hivi. Hapo swali la ruhusa linakwisha, maana hakuna mwenye ruhusa kumzidi mwenyewe.

Vilevile nakumbuka kaburi la mchekeshaji Spike Milligan, aliyefariki mwaka 2002 na kuzikwa Winchelsea, Uingereza. Alitaka jiwe lake liandikwe kwamba alikwisha kuwaambia kuwa anaumwa. Wakubwa wa kanisa hawakuyapenda maneno hayo kwa Kiingereza, basi yakachongwa kwa lugha ya Kiayalandi, ambayo wapita njia wengi hawaisomi, na kila mtu akaridhika. Nikaifikiria hali yetu: wasifu wetu unaandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, hata pale ambapo marehemu na wajukuu wake hawakuwahi kutaniana kwa Kifaransa hata siku moja. Pengine kicheko kinazuiliwa mlangoni na lugha kabla ya kuzuiliwa na heshima.

Shemasi wa Ruashi

Mwalimu, kuhusu mzee kujiandikia, nakuonya kwa upole. Mzee wa hapa akikutwa na daftari lenye wasifu wake mwenyewe, watoto watamwuliza ni nani aliyemwambia kwamba anakufa, na kabla ya jioni watakuwa wamefikisha jambo hilo kwa mchungaji, na jina la jirani fulani litakuwa limekwisha kutajwa. Nimesuluhisha mambo yaliyoanzia kwenye vitu vidogo kuliko daftari.

Kalamu ya Kamalondo

Shemasi amenitangulia. Ninaloweza kumwambia Mwalimu ni kwamba wazee wengi hujiandikia bila daftari. Mzee anayekisimulia kituko kimoja kila Krismasi, kwa maneno yaleyale, akingoja mahali palepale watu wacheke, amekwisha kuchagua sentensi yake. Mwandishi mwenye masikio anaichukua ilivyo. Na kituko ambacho mzee hakuwahi kukisimulia mwenyewe, ingawa kila mtu alikijua, ni vyema kiulizwe mara mbili kabla ya kuandikwa.

Kuhusu lugha nakubali bila ubishi. Karatasi ya kwanza iwe ya Kifaransa kama familia inataka. Ya pili iwe ya Kiswahili cha nyumbani, kilekile ambacho kundi la maigizo la Mufwankolo lilitumia kuuchekesha mji huu, na ambacho watu wanakisikia bila kukunja uso.

Mjukuu wa Katuba

Wakubwa zangu, shikamooni nyote. Nyanya yangu ametuacha juzi, tunazika kesho kutwa, na nimeombwa kusema. Nimeandika hivi, naomba mnisahihishe:

«Mimi ni mjukuu wake wa kwanza. Nyanya aliuza makala ya kupikia, yaani mkaa, kwenye kona ya avenu yetu, na aliyapima kwa ndoo iliyobonyea chini, ambayo fundi wa mabati alijitolea kuinyoosha bure naye akamfukuza. Alikuwa mwanamke wa imani kubwa na moyo wa ukarimu usio na kifani. Alimkopesha kila mtu, na hakumsahau mdeni hata mmoja. Usiku wa kuamkia kifo chake alinitajia majina sita na kiasi cha kila mmoja, na ninaona wanne wameketi hapa.»

Mama wa Komini Kenya

Pole sana, mwanangu. Nimecheka peke yangu jikoni, Mungu anisamehe. Babu yako bado yuko? Msomee yeye kwanza.

Mjukuu wa Katuba

Asante, mama. Babu nimemsomea jana usiku. Alinyamaza kidogo, akasema ndoo zilikuwa mbili.

Shemasi wa Ruashi

Wadeni wanne mbele ya jeneza, mwanangu? Wana aibu zao na familia zao.

Kalamu ya Kamalondo

Pole, mwanangu, kwa wewe na familia yote. Ndoo iache, na uandike kwamba zilikuwa mbili, maana wateja wake ndio watakaocheka kuliko watu wote: kila mmoja wao aliijua ndoo ile na bado alirudi kununua. Sentensi ya imani na ukarimu iondoe. Itakuwa imesomwa tayari kwenye karatasi ya kwanza, na hapa inakata pumzi ya mchekeshaji. Kuhusu wadeni, Shemasi ana haki. Usiseme wanne, wala usiwaangalie unaposoma. Sema tu kwamba alikutajia majina na kiasi, kisha kunja karatasi, uitie mfukoni polepole, ukaketi.

Mjukuu wa Katuba

Nimeelewa, papa. Na wakija kulipa jioni, nipokee?

Kalamu ya Kamalondo

Pokea, umpe babu yako.